Barabara ya Kwetu ni ya Nani?

Najua nimekuwa kimya kwa wiki mbili na ushee, na kuna mmoja alinitumia ujumbe kuniuliza kama nimeacha uandishi nikaenda kulima tangawizi. Hapana. Nilikwenda nyumbani, Upare, milimani, kumwona shangazi yangu ambaye afya yake haijakaa vizuri. Nimerudi na swali ambalo limenikosesha usingizi, na kama ilivyo kawaida yangu nikikosa usingizi, nawaletea ninyi.

Wanaoijua njia ile wanajua kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Same ni lami tupu. Unapanda basi alfajiri, unalala, unaamka, unakula mahindi ya kuchoma, unafika. Safari yenyewe inaanza pale basi linapokuacha. Unatafuta Land Rover ya kupandisha mlimani, mnajazana humo pamoja na mafuta ya taa, mabati na kuku, halafu ikifika mwisho wake unachukua bodaboda. Bodaboda naye akifika mtoni anazima pikipiki na kukuambia, "Kaka, hapa tunashuka."

Mto wenyewe ukiuona mwezi wa nane utacheka. Unauruka. Lakini mvua za masika ya 2024 zililichukua daraja la magogo lililokuwepo tangu nikiwa mtoto, na tangu hapo watu wanavuka kwa miguu, maji yakiwa madogo. Yakijaa, wanasubiri. Usiku mmoja shangazi sukari ilipanda mpaka akapoteza fahamu. Gari lilipatikana, lakini lilikuwa ng'ambo. Vijana sita wakamfunga kwenye machela ya miti na mablanketi, wakaingia majini mpaka kiunoni, wakamvusha. Alifika hospitali akiwa hai. Daktari akawaambia wangechelewa kidogo tu hadithi ingekuwa nyingine.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari. Kila mwaka msimu wa bajeti ukifika naandika kilometa za lami utadhani ninaziuza mimi. Barabara fulani kilometa kadhaa, daraja fulani mita kadhaa, mkandarasi yuko kazini, asilimia kadhaa zimekamilika. Nilipokaa kwenye jiwe pale mtoni nikijivua viatu, nikagundua kwamba sijawahi kujiuliza jambo la msingi kabisa: fedha za barabara kama hii ya kwetu zinatoka wapi, na tangu lini?

Nimesoma, nimeuliza, nimekaa na babu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na Wajerumani. Kuanzia 1898 walianza kutoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha aliweza kulipa kwa kufanya kazi. Kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa kulima barabara. Kwa hiyo barabara nyingi za kwanza za ndani hazikujengwa kwa fedha ya serikali kwa maana tunayoielewa leo. Zilijengwa na mtu aliyedaiwa. Fedha ya serikali ilikwenda kwenye reli. Reli ya kutoka Tanga ikapita bondeni chini ya milima yetu na kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Sisi wa juu tukaachiwa kazi ya kutafuta namna ya kuteremka kuifikia.

Waingereza wakaja na utaratibu wao. Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya utawala wa wenyeji. Machifu wakapewa hazina zao ndogo, mahakama zao, na uwezo wa kuwaamuru watu kufanya kazi za eneo lao, njia na barabara zikiwemo. Serikali kuu ikashika barabara kubwa. Hata hizo kubwa haikuzipenda sana, kwa sababu ilihofia malori yangeinyang'anya reli mizigo.

Hapa pana jambo la kisheria lililonishangaza. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kupinga kazi za shuruti. Ukiusoma utaona umeacha mlango wazi: kazi ndogo ndogo za kijiji, zinazofanywa na wanakijiji kwa faida yao wenyewe, hazihesabiwi kuwa za shuruti, mradi tu wanakijiji au wawakilishi wao waulizwe kama zinahitajika. Barabara ya kijiji ikapita kwenye mlango huo. Barabara kuu ikawa ni jambo la serikali lenye mhandisi na bajeti, na njia ya kijiji ikawa ni jambo lenu wenyewe, chukueni majembe.

Kwetu Upare tulikuwa na jina la kazi hiyo, na lilikuwepo kabla ya mkoloni: msaragambo. Baragumu linapigwa, kila nyumba inatoa mtu, mnakwenda kusafisha mfereji au kutengeneza njia. Ni jambo zuri na mimi nimekulia ndani yake. Lakini naomba uliweke akilini jina hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena.

Wapare walikuwa tayari kutoa mikono yao, lakini fedha walitaka kujua inatozwaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 utawala wa wilaya pamoja na machifu walileta kodi mpya juu ya ile iliyokuwepo, iliyopimwa kwa mali ya kila mtu. Watu wakaiita mbiru, jina la ushuru wa zamani wa watawala wao. Hoja ya serikali haikuwa mbaya sana kwenye karatasi: mwenye nacho alipe zaidi, hazina ya wenyeji ipate fedha za maendeleo. Watu wakauliza: nani atakayenipima mimi, kwa kipimo gani, na nikionewa niende wapi? Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa pale. Mgogoro ukaendelea, wanawake nao wakaingia, na malalamiko yakapelekwa mpaka London. Mwishowe serikali iliachana na kodi hiyo. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1971, na kama unakipata usikiache.

Babu yangu, ambaye ni mdogo wake babu mzaa baba, alikuwa mtoto mchanga wakati huo, lakini baba yake alikuwepo Same. Nilipomwamkia na kumweleza ninachokitafuta, alicheka sana.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "baba hakukataa kulipa. Alikataa kulipa bila kuuliza."

Uhuru ukaja 1961. Kaulimbiu ikawa Uhuru na Kazi, na Mwalimu alipoacha uwaziri mkuu Januari 1962 ili akakijenge chama, nchi nzima ilikuwa kwenye mori wa kujitolea. Watu walijenga shule, zahanati, visima na barabara kwa mikono yao. Babu anasema daraja la kwanza la magogo pale mtoni lilijengwa wakati huo, akiwa kijana, na walipomaliza waliimba mpaka usiku. Nilimuuliza serikali ilitoa nini. Akafikiri kidogo, akasema, "Misumari." Kisha akaongeza kwamba hakuna aliyelalamika, kwa sababu serikali ilikuwa changa kama wao na walijua haina kitu.

Kilichofuata ndicho ambacho sisi vijana hatukijui vizuri, nami nikiri kwamba sikukijua. Mwaka 1969 serikali ilifuta kodi ya kichwa iliyokuwa ikitozwa na halmashauri. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, ikazifuta halmashauri za wilaya zenyewe. Miji ikafuata muda mfupi baadaye. Jina lilikuwa la kupeleka madaraka kwa wananchi, lakini kilichopelekwa mikoani kilikuwa ni maofisa wa serikali kuu. Aliyekuwa akiwajibika kwa greda la wilaya hakuwepo tena. Kwa miaka kumi na zaidi barabara za ndani zikaliwa na mvua, na miaka ile ya uchumi mbaya, ya vita vya Kagera na bei ya mafuta, hata barabara kuu zilikufa. Waliosafiri miaka ya 1980 watakuambia ilikuwa kawaida safari ya siku moja kula siku tatu.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Zikarudi na kodi yake, iliyopewa jina la kodi ya maendeleo, ingawa watu waliendelea kuiita ya kichwa. Unakumbuka hadithi za wazazi wetu kuhusu mgambo wa kodi? Wanaume wazima walikuwa wakilala porini, wengine wakijificha darini, mwingine anakimbia na bakuli la ugali mkononi. Tunacheka, lakini haikuwa ya kuchekesha kwa maskini aliyefungwa kamba kama mwizi.

Upande wa barabara, mambo yalianza kubadilika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali na wafadhili, Benki ya Dunia ikiongoza, walianza mpango mkubwa wa kufufua barabara. Wafadhili wakauliza swali la busara: tukiwajengea, nani atatengeneza? Jibu likawa Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa 1991 kwa azimio la Bunge, ukipata fedha zake kutokana na tozo katika kila lita ya mafuta. Sheria ikarekebishwa 1998, na mwaka 2000 Bodi ya Mfuko wa Barabara ikaanza kazi. Mwaka huohuo, Julai, ikaanzishwa TANROADS kusimamia barabara kuu na za mikoa.

Sasa shika kalamu. Mgawo wa mfuko ule ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, asilimia 30 kwa barabara za halmashauri. Barabara za TANROADS hazifiki kilometa 40,000. Barabara za wilaya, mijini na vijijini, kwa hesabu ya sasa zinazidi kilometa 144,000. Yaani mtandao ulio zaidi ya mara tatu kwa urefu ulipangiwa fedha isiyofika nusu ya ile ya mwenzake. Nisieleweke vibaya. Kilometa moja ya barabara kuu inapitisha malori mengi na inagharimu zaidi, na nchi isiyo na barabara kuu haina uchumi. Mhandisi yeyote atakuambia hivyo na atakuwa sahihi. Lakini mgonjwa hazaliwi barabara kuu. Mahindi na tangawizi havilimwi barabara kuu. Vyote vinaanzia kwenye hizo 144,000.

Kuna kifungo kingine ambacho wengi hatukioni. Fedha za mfuko huo kisheria ni kwa ajili ya matengenezo kwa sehemu kubwa kabisa, na kinachoruhusiwa kwenda kwenye maendeleo ni kidogo. Ni wazo zuri, kwa sababu wanasiasa wanapenda kuzindua vipya na kuviacha vya zamani vife. Lakini kwa kijiji kama cha kwetu, ambacho hakijawahi kuwa na daraja la zege, hakuna cha kutengeneza. Daraja la magogo likienda na maji, kuweka la zege ni ujenzi mpya, na ujenzi mpya unasubiri fungu jingine. Aliyekuwa nacho anatengenezewa, asiyekuwa nacho anaingia kwenye mpango.

Kisha ikaja 2003, mwaka ambao kodi ya maendeleo ilifutwa. Vijijini watu walishangilia na walikuwa na haki. Hakuna anayetaka mgambo warudi, wala mimi. Ila halmashauri zilipoteza chanzo kimoja cha fedha zao wenyewe na zikazidi kutegemea ruzuku kutoka juu. Na kuna kitu kingine kiliondoka kimyakimya. Mtu aliyelipa kodi yake na kupewa stakabadhi alikuwa na neno la kumwambia diwani: hii hapa karatasi yangu, greda liko wapi? Baada ya 2003 stakabadhi ikawa haipo. Tunalipa kwenye mafuta, kwenye nauli, kwenye bei ya sukari iliyobebwa na lori, na kwa sababu hatuoni tunapolipa, tunadhani hatulipi. Ukimsikia mtu kijijini akisema "serikali imetusaidia barabara", jua kwamba amesahau kuwa ni fedha yake.

Mwaka 2017 serikali ilianzisha TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyozinduliwa Julai mwaka huo na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Wahandisi na fedha za barabara vikatoka halmashauri na kwenda kwa wakala. Sababu zilieleweka: fedha za barabara zilikuwa zikipotelea kwenye matumizi mengine na wataalamu walikuwa wachache. Madiwani walilalamika sana kwamba wananchi wanawauliza wao kuhusu barabara ambazo hawana tena sauti juu yake. Mwaka 2021 Bunge likapitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Ilikuwa hatua kubwa, na nimeona kwa macho yangu barabara zilizofunguliwa kwa fedha hizo. Nimeona pia madaraja ya mawe, ya upinde, ambayo TARURA ilianza nayo Kigoma na kuyasambaza mikoa mingine. Yanatumia mawe ya palepale na mafundi wa palepale, na gharama yake ni chini sana ya zege. Milimani kwetu mawe ndiyo tunayovuna bila kupanda.

Lakini mvua nazo hazikusubiri. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule wa El Nino zilikuwa zimeua watu 155. Mwezi uliofuata barabara ya kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na nchi nzima ikajua, kwa sababu ni barabara kuu. Wahandisi, mawaziri na mitambo walifika haraka. Sisemi hawakupaswa. Nasema wiki zilezile kulikuwa na vijito visivyohesabika vilivyokula madaraja yake, na gazeti langu halikuandika hata kimoja. Mimi mwenyewe sikuandika cha kwetu.

Nchi hii sasa inajua kujenga madaraja. La Mkapa pale Rufiji, lililofunguliwa 2003, lilimaliza mateso ya kivuko cha Ndundu. La Nyerere, Kigamboni, 2016. La Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, kilometa tatu juu ya Ziwa Victoria kwa zaidi ya shilingi bilioni 700. Nimelipita nikajisikia vizuri kuwa Mtanzania. Walioteseka na vivuko hawawezi kulibeza, na mimi silibezi. Ila daraja la namna hiyo lina mtu wa kulisemea mpaka Ikulu. La mita nane la kijijini lina nani?

Kabla ya kurudi Dar nilipita ofisi inayohusika na barabara zetu. Nilitegemea kuzungushwa, nikawa nimejiandaa kwa ugomvi. Nikamkuta mhandisi kijana, rika langu, aliyenipa kiti na kunifungulia kompyuta. Daraja letu limo kwenye orodha. Orodha ni ndefu. Akanionyesha fedha aliyopangiwa kwa mwaka na mahitaji yake, na ilikuwa kama kumfunika mtu mrefu kwa khanga moja.

"Kaka, ungekuwa wewe ungeanza na lipi?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilimuuliza mimi pia: je, wananchi huwa wanakuja kuiona orodha hii? Akasema toka aanze kazi pale, nje ya viongozi, nilikuwa wa pili.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mababu zetu wa mwaka 1945 hawakuwa na bodi ya mfuko, hawakuwa na mbunge, wengi hawakujua kusoma, lakini waliteremka mlima kwa miguu kwenda kuuliza juu ya kodi yao. Sisi tuna digrii na simu, tunalipa kila lita, na orodha iko ofisini haina wa kuisoma. Tunajua msimamo wa ligi mpaka tofauti ya magoli. Barabara ya kwetu iko namba ngapi kwenye mpango wa wilaya? Wangapi tunaweza kujibu?

Kwa hiyo nina ombi moja. Ukienda nyumbani sikukuu hizi, tenga asubuhi moja. Nenda ofisi ya wilaya uulize mambo matatu: barabara yetu imo kwenye mpango, imetengewa kiasi gani, na kwa mwaka upi. Uliza kwa adabu, andika jibu, ukalisome kwenye mkutano wa kijiji. Mwakani uliza tena. Mimi nimeanza na la kwetu.

Wakati huohuo maisha hayasubiri mpango. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao baragumu litapigwa tena pale nyumbani. Kila nyumba inatoa mtu mmoja na shilingi 10,000, na sisi tulioko mjini tunatuma kwa simu. Magogo yameshakatwa. Nimetuma ya kwangu na ya babu, ingawa babu alikasirika, akasema yeye atakwenda mwenyewe na panga lake. Ana zaidi ya miaka themanini. Alilijenga daraja hilo akiwa kijana, na bado analijenga.

Shangazi anaendelea vizuri, asanteni mlioniulizia. Kliniki yake ijayo ni mwezi wa nne, katikati ya masika.